Wa Mwisho Kutajwa

Jua halikutua siku tuliyokusudia kumzika mama. Lilifika pale linapokaa saa za alasiri, juu kidogo ya paa la kanisa, likasimama kama mgeni aliyekosa mtu wa kumkaribisha. Chini yake tulikuwa sisi, watu wengi mno, tumeketi kwenye viti vya plastiki chini ya maturubai. Mbele yetu lilikuwapo jeneza, mbele ya jeneza lilikuwapo shimo, na pembeni mwa shimo walisimama wachimbaji na majembe yao. Sote tulikuwa tunasubiri. Tulisubiri mtu mmoja atajwe, na mtu huyo alikuwa mimi.

Heri nieleze desturi ya nchi ile mapema. Asiyeijua atatuona wendawazimu. Anayeijua naye atatuona hivyo hivyo, ila atanyamaza kwa kuwa zamu yake ya kutajwa haijafika. Katika nchi ile mtu hazaliwi na uso. Huzaliwa na macho, pua na mdomo, lakini vitu hivyo havijashika mahali pake mpaka mtu asimame mbele ya watu, ashike kipaza sauti na kusema: na huyu ni fulani. Hapo uso hushika. Ukikaa muda mrefu bila kutajwa huanza kulegea, nyusi kwanza, kisha mashavu, kisha ile alama ndogo ambayo mama yako alikutambua kwayo tangu utoto. Asiyetajwa kabisa hubaki na uso laini kama kiganja. Anaona, anakula, anaongea nawe vizuri tu, lakini ukimpa kisogo hukumbuki ulikuwa unaongea na nani.

Kwa hiyo hapakuwa na mkusanyiko usioanza na utambulisho, na mara nyingi hapakuwa na kitu kingine baada ya utambulisho. Harusi zilivunjika bwana harusi akiwa amezeeka mlangoni. Kwenye mazishi jambo lilikuwa zito zaidi, maana udongo hutiwa kwa mpangilio wa majina, na hakuna anayeruhusiwa kushika udongo kabla majina hayajakwisha. Wadogo hutajwa kwanza, wakubwa baadaye, na mkubwa kuliko wote hutajwa wa mwisho. Na jua halitui utambulisho ukiwa haujakamilika. Wazee walituambia hiyo ni huruma ya Mungu, ili asikose mtu. Mimi sasa nadhani ilikuwa ni adhabu, na kwamba Mungu hakuwa amehusika sana.

Nilikuwa naitwa Hezroni Malugu. Nilikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa na mwalimu wa kwaya. Tenzi zangu ziliimbwa bondeni na milimani, na kila zilipoimbwa ilisemwa kwanza kwamba wimbo huu umetungwa na Mwalimu Hezroni Malugu. Nilitaka isemwe hivyo. Kwaya iliyosahau kusema niliinyima wimbo uliofuata. Uso wangu, kwa sababu hiyo, ulikuwa umeshika kuliko nyuso zote za nchi ile. Ungeweza kuujua ukiwa ng'ambo ya mto. Nilitembea nao polepole, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa.

Lakini mazishini palikuwa na uso mwingine. Mheshimiwa Obadia Mkungwe alikuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye kiti. Jeneza la mama, lile zuri lenye dirisha dogo la kioo juu ya uso, lilitoka kwake, na maturubai pia. Alikuwa ameketi meza kuu, upande wa kulia wa chupa za maji, nami nikaketi upande wa kushoto. Hatukuwa na ugomvi. Tulisalimiana kwa mikono miwili, tukapeana pole. Ila kila mmoja wetu alijua kwamba ni yeye anayepaswa kutajwa wa mwisho.

Mshereheshaji aliitwa Filemoni, bwana mwembamba mwenye suti ya rangi ya maziwa na koo la kuonewa huruma. Alianza na majirani, akaenda kwa wakwe, akaenda kwa viongozi wa jumuiya, akapanda ngazi vizuri bila kukosea, mpaka akafika juu.

"Na sasa, ndugu waombolezaji," alisema, "nimebakiwa na watu wawili tu."

Mkungwe akakohoa. Mimi nikarekebisha tai. Filemoni alitutazama, akaona kifo chake kikiwa kimekaa pande zote mbili za chupa za maji, akameza mate.

"Kabla ya hapo, itifaki izingatiwe," alisema, "naomba niwatambue waliotoka mbali."

Akawatambua waliotoka mbali. Akarudi kwetu, Mkungwe akakohoa, nami nikashika tai. Akawatambua waliotoka karibu. Akawatambua waliotamani kuja wakazuiwa na maradhi, kisha waliofariki zamani ambao wangekuwa hai wangekuja. Mwanamke mmoja upande wa wakwe alijifungua, mtoto akatambulishwa, uso ukamshika. Alipoota meno alitambulishwa tena. Alianza kutembea kati ya viti, akapata kiti chake, akaota ndevu. Majani yalipanda kwenye miguu ya viti na kutufikia magotini. Nywele za Filemoni zilikuwa nyeusi tulipoanza. Na jua lilikuwa pale pale, juu ya paa la kanisa, likituchoma upande mmoja wa shavu.

Dada yangu Yemima hakuwa kwenye kiti. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ubavuni mwa jeneza, akifukuza nzi kwa upande wa khanga. Yeye ndiye aliyemuuguza mama miaka yote ile, akimlisha na kumwogesha, na kwa kuwa hakuna anayemtambulisha mtu anayefua mashuka, uso wake ulikuwa umefifia kama picha iliyokaa dirishani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumjua kwa khanga.

Aliinuka, akaja mpaka nyuma ya kiti changu, akainama.

"Kaka."

"Naam, Yemima."

"Mama anaharibika."

"Nasikia."

"Husikii. Kaka, nakuomba. Mwache Mkungwe awe wa mwisho. Utapungukiwa nini?"

"Si kwa ajili yangu," nilimwambia, na wakati ule niliamini. "Ni heshima ya mama. Mtoto wake akitajwa kabla ya mtu baki, watu watasemaje?"

"Watasema amezikwa," Yemima alijibu, akarudi kwenye nzi wake.

Mimi ni nani asiponitaja mtu? Nauliza hivyo na siulizi kwa madaha. Nilikuwa nimeketi pale, tai shingoni, nikajaribu kujiona bila jina, bila tenzi, bila ile sauti ya kipaza sauti inayonitangulia kila ninapoingia, na sikuona kitu. Kilikuwako kiti tu, na juu ya kiti njaa. Njaa hiyo naijua tangu nikiwa mdogo. Ukiilisha haishibi, inakua. Ukitajwa leo inataka kesho utajwe kwa cheo, kesho kutwa inataka watu wasimame, na siku wakisimama inahesabu walioketi. Nilimtungia Mungu nyimbo. Je, ilikuwa ni Mungu? Nilikuwa nikifumba macho wakati kwaya inaimba na watu wakasema, mwoneni Mwalimu alivyozama katika Roho. Nilikuwa nasikiliza kama sauti ya pili inasikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Nilikuwa nasikiliza nani analia.

Na mama. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alikuwa kibarazani, miguu yake imefunikwa blanketi. Nilisimama mbele yake na uso wangu wote. Akanitazama kwa adabu, akaniuliza kama nimekuja kuangalia ule mlango wa jikoni, maana unakwaruza. Yemima akamwambia, mama, huyu ni Hezroni. Mama akasema, sawa, lakini mlango unakwaruza. Katika nchi nzima alikuwa amebaki mtu mmoja asiyenijua, na mtu huyo ndiye aliyenizaa. Niliumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Nasema haya ili ijulikane kwamba nilipoinuka kwenye kile kiti sikuinuka kwa wema.

Niliinuka kwa hesabu. Niliwaza kwamba kama nitaacha meza kuu na kwenda kusimama na wachimbaji, watu wale wenye nyuso laini ambao hawajawahi kutajwa popote, basi hakuna atakayeweza kunishinda. Nilivua koti. Nililivua polepole ili lionekane. Nikakunja mikono ya shati, nikatembea kuelekea shimoni.

"Mwoneni!" Filemoni alipaza sauti, na koo lake lilipona papo hapo. "Mwoneni Mwalimu Hezroni Malugu! Mtu mkubwa namna ile! Amevua koti, anakwenda kwa wachimbaji! Unyenyekevu ulioje!"

Akina mama wakapiga vigelegele, mazishini. Uso wangu ukapata joto zuri kama wa mtu aliyekunywa uji asubuhi ya baridi. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Sijawahi kutajwa kwa utamu kama ule. Nikaingia katikati ya wachimbaji nikiwa nimeinamisha kichwa kwa kiasi kile kile kinachopendeza.

Nilipoinua macho, Mkungwe alikuwa anavua viatu.

Alivua na soksi. Akaja peku, akakaa kwenye kifusi. Vigelegele vikamhamia. Basi nami nikaketi chini, si kwenye kifusi, chini kabisa, kwenye vumbi. Mkungwe akateremka kifusini, akajimwagia vumbi kichwani. Nikajimwagia vumbi kichwani na mabegani. Filemoni alikuwa anatangaza kila tunachofanya, akikimbia huku na huku na waya wa kipaza sauti, na watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Tulishindana kushuka mpaka tukafika mahali ambapo hapana pa kushuka zaidi, na huko chini bado tulikuwa tunatupiana jicho nani yuko chini zaidi. Jua halikusogea hata kidogo.

Hapo ndipo nilipomsikia Yemima akilia. Hakulia kwa sauti ya msiba. Alilia kama mtu aliyechoka kufua. Alikuwa amepiga magoti karibu yangu, khanga mkononi, na sikumbuki alifikaje pale.

"Kaka, nenda ukamtazame mama kwenye kioo."

"Kuna nini?"

"Katika watu wote waliotajwa hapa, waliokuja na wasiokuja, wazima na wafu, hakuna aliyemtaja mama."

Nikatambaa mpaka kwenye jeneza. Nilitazama kwenye dirisha dogo. Nyusi za mama zilikuwa zimekwenda. Mashavu yalikuwa yanakwenda. Kile kidoti kilichokuwa chini ya jicho lake la kushoto, ambacho nilikuwa nikikishika kwa kidole nikinyonya, kilikuwa kimebaki kivuli tu. Siku ya mazishi yake, mama yangu alikuwa anageuka kuwa kiganja, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa na kazi nasi.

"Unajua alikuwa anaomba nini mwishoni?" Yemima alisema nyuma yangu. Alikuwa haongei nami hasa, alikuwa anaongea tu. "Alisahau majina yote. Lako, langu, la baba. Halafu akasahau lake mwenyewe. Akawa ananiuliza, binti, mimi naitwa nani? Halafu siku moja nimempeleka dirishani aote jua, akafumba mikono aombe, akakwama. Alikuwa amesahau jina la Bwana. Nikataka kumkumbusha, nikaona midomo inakwenda. Akasema, 'Wewe unayenijua.' Basi. Akawa anaomba hivyo kila siku mpaka amekufa. 'Wewe unayenijua, amina.' Na alikuwa na furaha, kaka. Kuliko mimi. Kuliko wewe."

Wewe unayenijua. Mimi ambaye nimemtungia Bwana majina ya sifa mpaka kamusi ikaniishia, sijawahi kumwita hivyo. Niliogopa. Anayenijua anaijua ile njaa. Anajua nilikuwa nasikiliza nani analia. Nilikuwa nimejenga uso wangu jina kwa jina ili nisije nikajulikana, na mama alikuwa amepoteza majina yote mpaka lake, akabaki mikononi mwa yule anayemjua, na hapo hakupungukiwa na kitu. Nililala kifudifudi pale vumbini, safari hii si kwa ajili ya mtu, na nikamwaza Bwana Yesu. Kumtungia nyimbo ni jambo moja, kumwaza ni jambo jingine. Nani alimtambulisha Yeye? Utambulisho wake uliandikwa na waliomwua, kwa dhihaka, ukapigiliwa juu ya kichwa chake. Akazikwa harakaharaka jua likikaribia kutua, katika kaburi la mtu mwingine, na hapakuwa na meza kuu. Na alfajiri ile alipofufuka, asubuhi ya ushindi wake wote, yule mwanamke aliyekuwa akilia kaburini alimdhania mtunza bustani. Mimi mama alinidhania fundi wa milango nikaumia mpaka mifupa. Yeye alidhaniwa mtunza bustani, na hakujitetea. Hakusema, mimi ni fulani. Alitaja jina la yule mwanamke.

Alitaja jina la yule mwanamke.

Nikamwambia, Bwana, mimi siwezi. Nimejaribu kushuka, na kila ninaposhuka wananipandisha, na nikipandishwa nafurahi. Hata sasa, huku nalia, kuna pembe ya moyo wangu inayotazama kama Filemoni ameniona. Mimi siwezi, ila Wewe unanijua. Nichukue na pembe hiyo.

Nililala hapo muda. Halafu nikainuka. Watu wote walikuwa wanamtazama Mkungwe, ambaye alikuwa amefika hatua ya kuchana shati. Nikapita nyuma ya turubai, nikamshika Filemoni kiwiko.

"Mtaje yeye wa mwisho," nilimwambia.

Alinikodolea macho. "Na wewe Mwalimu nikuweke wapi? Nikikutaja kabla yake utaniua. Nikitamka neno moja la kwa nini umekubali, watu watakupigia makofi mpaka tuanze upya."

Kumbe alikuwa anajua. Miaka yote ile alikuwa anajua.

"Usinitaje," nikasema.

"Lazima niseme kitu. Wewe ni mtoto wa marehemu."

"Sema sikuja."

Filemoni alishusha kipaza sauti, akakifunika kwa kiganja. "Kwenye mazishi ya mama yako? Mwalimu, hilo halifutiki. Watakuimba vibaya mpaka kaburini. Na uso wako..."

"Sema sikuja, ndugu yangu. Tafadhali. Mama anaharibika."

Nilimwacha hapo, nikaenda shimoni. Sikutembea polepole. Wachimbaji wawili walikuwa wameshateremka ndani kulipokea jeneza, mmoja akanyoosha mkono bila kuuliza mimi ni nani, nikashuka. Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya mizizi. Na juu yetu, mbali, nikasikia ile sauti niliyokuwa nimeipenda maisha yangu yote.

"Ndugu waombolezaji. Nasikitika kuwatangazia kwamba Mwalimu Hezroni Malugu hakuweza kufika."

Manung'uniko yakaanza, yakakua. Hakuja kumzika mama yake! Si tulimwona hapa? Mlimwona nani, huyo anajiona mkubwa mno. Mzazi wake mwenyewe! Mwanamke mmoja alisema, na sauti yake ilinifikia mpaka chini, kwamba mtu wa namna hiyo nyimbo zake zote ni debe tupu. Nilishika ukuta wa kaburi kwa mikono yote miwili. Nilitaka kupanda. Namwambia Mungu ukweli na ninyi nawaambia, nilitaka kupanda nikapaze sauti kwamba nipo, niko chini huku, mimi ndiye niliye chini kuliko wote. Mguu wangu ulikuwa tayari umetafuta pa kukanyaga. Nikauacha hapo. Nilihisi nyusi zikilegea.

"Na sasa, wa mwisho," alisema Filemoni, "Mheshimiwa Obadia Mkungwe."

Jua likatikisika, likaanza kushuka.

Walileta kamba. Jeneza likashuka likiyumba, tukalipokea, mmoja kichwani, mmoja miguuni, mimi katikati. Lile dirisha dogo likawa karibu na kifua changu. Niliinama nikasema, kwa sauti ambayo hata mwenzangu hakuisikia, "Ketura. Huyu ni Ketura. Mama yangu." Nikarudia. Nyusi zikarudi. Mashavu yakarudi. Kile kidoti chini ya jicho kilirudi mahali pake, cheusi, kidogo, nami nikaweka kidole juu ya kioo mpaka mwenzangu akanigusa bega kwamba tupande.

Walianza kutia udongo kwa mpangilio wao, na sisi wachimbaji tukawa tunasaidia kwa majembe. Kwaya ikasimama. Wakaimba "Nishike, Bwana, usiku unaingia", ambao ni wimbo wangu, niliutunga nikiwa kijana, na ndio pekee ambao nina hakika haukuwa na njaa ndani yake. Hakuna aliyesema umetungwa na nani. Baada ya tangazo lile nani angethubutu? Mchimbaji aliyekuwa kando yangu alikuwa anauimba kwa moyo wote, na aliukosea. Pale nilipoishusha sauti, yeye aliipandisha. Nilimtazama. Aliona siimbi.

"Huujui?" aliniuliza. "Ni wimbo wa zamani sana, hauna mwenyewe. Wewe nifuate mimi tu."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa kweli. Akaanza tena ubeti, akaipandisha sauti mahali pasipo pake, akanitikisia kichwa kunitia moyo, nami nikaipandisha naye. Tuliuimba hivyo mpaka mwisho, tukimwaga udongo juu ya mama. Nililia sana. Hakuniuliza nalia nini. Alidhani ni vumbi, au alidhani ni wimbo.

Kazi ilipokwisha, jua lilikuwa limebaki ukingo tu. Watu walikunja viti, wakang'oa majani yaliyokuwa yamevishika, wakaondoka wakizungumza habari zangu. Yemima alikuwa amesimama njiani na ndoo na kata, akiwanawisha mikono waliozika, kama ilivyo desturi. Nilisimama kwenye mstari wa wachimbaji. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mikono.

"Yemima," nikasema. "Ni mimi."

Aliinua macho. Aliupitisha ule mtazamo wake juu ya uso wangu wote, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango, na hakupata pa kushika.

"Ndiyo, baba, ni wewe," alisema kwa upole. Ni sauti ile ile aliyokuwa akimjibia mama. Akanimiminia maji mpaka kwenye viwiko, akanisugua udongo kwenye vidole kimoja kimoja. "Asanteni sana kwa kazi. Mmetusitiri."

Nilitaka kumwambia habari za kidoti, za blanketi, za mlango unaokwaruza. Nilianza. Maneno yalitoka, najua yalitoka, lakini nyuma yangu palikuwa na wengine wenye mikono michafu, naye alikuwa amechoka mpaka anaegemea ndoo.

"Kama unapita njia ya mjini," akasema, "ukikutana na kaka yangu, mwambie simchukii. Mwambie mama amezikwa."

"Nitamwambia."

Basi nikashika njia. Giza liliingia, la kwanza tangu tulipoketi kwenye vile viti, na katika giza lile wenye nyuso na wasio na nyuso tulipitana tukisalimiana vizuri tu. Na tangu siku hiyo, kila jua linapotua, naketi mlangoni pangu na kutimiza ahadi niliyompa dada yangu. Namwambia, Hezroni, mama amezikwa. Siku nyingine ananisikia, akanyamaza nami. Siku nyingine ananiuliza nani alitajwa wa mwisho. Siku hizo napiga magoti hapo hapo mlangoni na kuomba sala ya mama, nzima kama alivyoiacha, mpaka aache kuuliza.